Kofia Aliyoisugua Mama Mkwe

Nilianza kukusanya kofia za chuma za kijeshi kwa sababu ya maharage. Mke wangu alinituma uwanja wa mitumba wa Marolles, hapa Ubelgiji tunakoishi, nikamtafutie sufuria nzito, badala ya ile aliyounguzia maharage. Mimi ni mtu wa Kigoma, si mtu wa masufuria. Nikaona kitu cha chuma, cha duara, kizito, kimelala kifudifudi kati ya mabirika na mizani mibovu, nikakipigapiga kwa kidole nikasikia kinalia vizuri. Nikauliza kifuniko chake kiko wapi. Muuzaji akakiinua na kunivika kichwani.

Sasa, mimi nina kichwa kikubwa. Shuleni walinipa jina kwa ajili ya kichwa hiki, na sitalirudia hapa. Kofia zote nilizowahi kuvaa zilikaa juu juu kama kisahani kwenye tikiti. Hii ilishuka taratibu hadi kwenye nyusi, ikatulia. Nilipanda tramu kurudi Etterbeek bila sufuria, nikiwa mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, na kwa mara ya kwanza maishani nina kitu kinachonitosha.

Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita. Mke wangu, mzaliwa wa Lubumbashi, aliitazama ile kofia akauliza kama nimepata kazi ya kulinda benki. Alipoona ya pili, akauliza kama nimepata mlinzi mwenzangu. Ilipofika ya saba aliacha kuuliza, na kwa mke wangu kuacha kuuliza si dalili njema.

Lazima nieleze kidogo, kwa sababu watu wakisikia "kofia za kijeshi" hudhani nina bendera chini ya kitanda. Kofia za vita kuu sizitaki. Ni ghali, nyingi ni za kughushi, na wanaozitafuta wana maswali fulani kuhusu nilikotoka ambayo sipendi kuyajibu Jumapili asubuhi. Zangu ni za miaka ile ya mwanzo baada ya vita, wakati nchi za huku, zilizopigwa na zilizookolewa, ziliiga kofia ya Mmarekani au zikabuni zake, zikawavika vijana wa jeshi la lazima na kuwasimamisha getini kumngoja adui ambaye hakuja. Ya Mcheki inafanana na yai. Ya Ujerumani Mashariki ni kama paa la msonge. Ya Mbelgiji ni ya Mmarekani mtupu, ila imetengenezwa na mtu aliyekula vizuri zaidi mchana. Nilikuwa napenda kuwaambia wageni kwamba kofia zangu hazikuona vita, ziliona mvua. Vijana walichemshia mayai humo, wakafulia soksi, wakanyolea ndevu. Moja ina vijistari vilivyochorwa kwa msumari kwa ndani, mia mbili na kitu, mtu alikuwa anahesabu siku za kurudi kwa mama yake.

Aliyenifundisha yote haya ni mzee mmoja Mflemi, yaani Mbelgiji wa upande wa Kiholanzi, fundi bomba mstaafu, niliyekutana naye palepale Marolles tukivutana kofia moja ya jeshi la Denmark. Alishinda yeye, kisha akaninywesha kahawa. Ana miaka themanini na kitu, mjane, anaishi peke yake na kofia zaidi ya mia. Anasema Kifaransa kama mtu anayekaza nati. Sheria yake ya kwanza, na aliniapisha kabisa, ni kwamba kofia haisafishwi. Haisuguliwi, haioshwi, haipakwi rangi. Uchafu, alisema, ndio cheti chake cha kuzaliwa. Ukiusugua umebaki na bakuli.

Kofia yangu bora kuliko zote niliipata kwake, nikimpa mayai mawili ya Mcheki. Ilikuwa ya Mbelgiji, ya kijani, ile rangi yenye chengachenga inayozuia mng'aro, na mkanda wa kidevuni umekamilika, na kofia ya ndani bado ina ngozi laini yenye namba ya kijana fulani. Mzee wa mabomba aliniapia kwamba rangi hiyo ni ileile iliyotoka nayo kiwandani na haijaguswa na binadamu. Nami nilimwamini. Miaka arobaini yuko kwenye kofia, nami mchana nasukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja kule Woluwe, nitambishia kwa lipi.

Kofia zilipofika kumi na tisa zilikuwa zinaishi kwenye chumba cha binti yetu, ambaye alishahama kwenda kusoma. Ndipo mama mkwe akaja.

Alikuja kutoka Lubumbashi kwa ajili ya mtoto wa jicho, macho yote mawili, moja baada ya jingine, na angekaa miezi mitatu. Mke wangu alinipa siku mbili kuhamisha jeshi langu. Alisema mama yake hatalala na basoda, ndivyo wanavyowaita askari kwao. Nikazitawanya. Nyingine zilikwenda chini ya kitanda chetu, nyingine juu ya kabati pamoja na masufuria ambako zilifanana na ndugu zao, tatu ndani ya jiko la kuokea ambalo halijawahi kuoka chochote. Ile bora niliifunga kwenye taulo nikaificha chini ya sinki, nyuma ya sabuni. Nilijiambia hapo hakuna mtu atakayetazama. Kwa kweli sijui nilikuwa namfikiria mama mkwe wa aina gani.

Kwetu Kigoma mtu hazoeani na mama mkwe. Hamtazami usoni, hakai naye karibu, hali naye mezani ikiwezekana. Ghorofa ya tatu, vyumba viwili vya kulala na choo kimoja, hayo mambo ni ya kuhadithia tu. Kila asubuhi nilimwambia shikamoo, mama, nikiwa nimeelekeza macho kwenye jokofu. Kwao Lubumbashi shikamoo hakuna, kwa hiyo hakujua la kujibu, akawa ananijibu asante. Mwezi mzima tuliishi hivyo, shikamoo, asante, na kila mmoja na njia yake.

Macho yake mwanzoni hayakuona kitu zaidi ya kivuli. Alikuwa akiisifu nyumba yetu kwa usafi. Kisha wakamfanyia upasuaji jicho la kwanza, na wiki chache baadaye la pili. Muuguzi mmoja ninayefanya naye kazi alinieleza kwamba lenzi ya zamani ya jicho huwa imegeuka njano kama kioo cha taa ya kibatari, ikiondolewa mtu huona rangi kali kuliko alivyozoea, hasa buluu. Hakunieleza kwamba huona pia vumbi. Mama mkwe alisimama sebuleni siku ya tatu baada ya bandeji kutoka, akageuka polepole, akatazama kuta, mapazia, dari, mkwe, na akasikitika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa.

Daktari alimkataza kuinama na kunyanyua vitu vizito. Akatii, yaani akawa anafanya kila kitu akiwa amekaa. Nikirudi kazini nakuta vijiko vimepangwa juani dirishani. Nakuta swichi za umeme nyeupe, nami miaka yote nilidhani ni za kahawia. Mke wangu, anayeshinda Uccle akitunza wazee wa watu, alikuwa akirudi jioni anakuta hana la kufanya, na alifurahi kupita kiasi.

Siku yenyewe nilitoka zamu ya asubuhi, nikafika nyumbani kama saa tisa alasiri. Nikasikia harufu ya sabuni tangu ngazini. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni karibu na dirisha, beseni miguuni, kanga imepigwa fundo, na mapajani amelaza kofia yangu bora kama anamwogesha mtoto mchanga. Mkononi ana waya wa kusugulia masufuria. Ile kofia ya ndani, yenye ngozi, ilikuwa inaning'inia kwenye kamba ya nguo kwa kibanio kimoja, ikidondosha maji ya sabuni.

"Mukwe," alisema, "hii casque ilikuwa na buchafu mingi sana. Sasa minaona muzuri, njo minaanza kuisafisha."

Ningekuwa nimemkuta mtu mwingine yeyote duniani, mke wangu, bosi wangu, padri, ningesema maneno. Lakini huyu ni mama mkwe. Nikajikaza kisabuni, nikamwambia asante, mama. Kisha nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikakaa ukingoni mwa beseni la kuogea nikiwa na koti langu, nikasikiliza krr, krr, krr kutoka jikoni. Niliwaza kumpigia mzee wa mabomba. Nikaona ni kama kumpigia mtu simu kumwambia mbwa wake ameliwa.

Ile krr ikanyamaza. Akaniita. Sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

"Mukwe, kuya uone. Chini iko bleu."

Nilikwenda. Alikuwa ameigeuzia dirishani. Upande wa kulia wa kofia, kuanzia mbele hadi karibu na sikio, kijani kilikuwa kimetoka, na chini yake kulikuwa na rangi nyingine, buluu ya wazi kabisa, imekwaruzwa lakini ipo. Rangi ambayo haijaguswa na binadamu ilikuwa imepakwa juu ya rangi nyingine na binadamu mwenye brashi mbovu. Nilisimama nikitazama, nikasahau hata kwamba nimesimama karibu sana na mama mkwe.

Yeye hakuwa akitazama kofia tena. Aliniambia nivute kiti. Sikuwahi kuketi naye, nikavuta.

Akanihadithia. Alikuwa na miaka tisa hivi, Lubumbashi bado ikiitwa kwa jina la malkia wa Wabelgiji. Katanga, jimbo lao, ilikuwa imejitenga na Kongo, na dunia ikatuma askari wa kofia za buluu kuja kuwapatanisha, na upatanisho huo, alisema, ulipigwa kwa bunduki na mizinga. Barabara yao ilipitiwa na pande zote, kila upande kwa siku yake. Baba yao aliwaingiza watoto chini ya kitanda, akawawekea godoro juu, wakakaa huko siku mbili wakila bukari baridi, ugali wa kwao, wakikojoa kwenye kopo. Kaka yake mdogo alikuwa akipiga kwikwi, na kila kwikwi dada yao mkubwa alimziba mdomo.

Walipotoka nje, penye bomba la maji la mtaa palikuwa na kofia ya buluu. Imelala chali, imejaa maji ya mvua. Mwenyewe hayupo. Hakuna aliyejua kama alikimbia, au alisahau, au alikufa akachukuliwa. Mama yao alitazama kushoto na kulia, akamwaga maji, akaifunga kwenye kitenge mgongoni kama mtoto, akarudi nayo nyumbani. Baba alitaka itupwe. Hawa wakiikuta watasema sisi ni wapelelezi, wale wakiikuta watasema sisi ni wezi. Mama akasema chuma kizuri hakitupwi, kinasuguliwa.

"Tulisuguaka na muchanga siku tatu," alisema mama mkwe. "Watoto bote. Ile bleu ilikuwa inakatala kutoka."

Ikatoka. Kofia ikawa ya kubebea makaa, ya kunyweshea kuku, na yule mdogo wa kwikwi aliogeshwa humo hadi siku makalio yake yaliponasa, ikabidi yapakwe mafuta ya mawese. Hapo mama mkwe alicheka hadi akaweka kofia chini, akajipangusa machozi kwa mgongo wa mkono, maana daktari alikuwa amemkataza kugusa macho.

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nikihesabu ni wageni wangapi niliowaambia, kwenye meza ileile, kwamba kofia zangu ziliona mvua tu.

Akaniuliza mimi nazipendea nini. Ningeweza kumpa hotuba ninayowapa watu, kuhusu mishono ya chuma na viwanda. Nikajikuta nimemwambia ukweli, kuhusu kichwa changu na zile kofia zilizokaa kama kisahani. Alinitazama kichwa kwa yale macho yake mapya, kwa makini, kama mtu anayenunua, akasema ni kweli.

Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni mwa jikoni, akaona kofia yenye rangi mbili, akaona mumewe na mama yake wamekaa kiti kwa kiti, akacheka hadi akaketi sakafuni na viatu vyake. Alisema miaka kumi na moja amekuwa akiniombea kwa Mungu, kumbe alipaswa kumwomba mama yake.

Shida iliyobaki ilikuwa ile kazi ya nusu. Mama mkwe alitaka kuimaliza. Kwake ni aibu kuacha kitu kimeoshwa upande mmoja. Mimi nilitaka isiguswe tena hadi mtu anayejua aione, nikaomba siku tatu. Jumamosi mzee wa mabomba akaja.

Alipanda ghorofa zile tatu taratibu, akasalimia, akaketi, na mama mkwe akamwandalia chai na mikate, yale maandazi ya duara ya kwao. Kisha nikaleta kofia. Sitasahau uso wa yule mzee. Aliitazama kwa jicho moja, akavaa miwani, akaitazama kwa yote mawili. Akaipitisha kidole pale rangi zinapokutana. Mkate wake ukapoa kwenye sahani. Mwisho alisema kwamba alikuwa ameniambia ni rangi ya kiwandani, na alikuwa amekosea. Nadhani kukiri huko kulimgharimu zaidi ya kofia.

Kuhusu buluu hakuwa na uhakika. Kofia hizi zilizunguka, jeshi moja likiliuzia jingine, kila mmoja na ndoo yake ya rangi. Inaweza kuwa imetoka Kongo. Inaweza pia kuwa ya zimamoto, au ya mtu aliyebakiwa na rangi ya mlango. Mama mkwe, anayesema Kifaransa safi cha masista, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamsimulia yeye pia, kitanda, godoro, bomba la maji. Sehemu ya makalio aliiruka kwa heshima.

Mzee akasema mwaka ule alikuwa mwanajeshi wa lazima, yuko Ujerumani kwenye kambi ya Wabelgiji, anamenya viazi. Walisikia habari za Kongo redioni. Kila jioni waliogopa majina yao yatasomwa kati ya wanaopelekwa huko. Yalisomwa ya wengine.

"Afadhali ulibaki na viazi," mama mkwe akamwambia, akamsogezea sukari.

Baada ya hapo waliongea saa nzima bila mimi. Mama mkwe alimuuliza nani anamfanyia usafi nyumbani. Alipojibu hakuna, na kwamba kofia zile mia hazijafutwa vumbi tangu mkewe afariki, mama mkwe alitikisa kichwa na kusema masikini, na sikujua anamhurumia nani, yeye au kofia.

Mzee alipoondoka, nilichukua waya mwingine dukani, nikakaa upande wa pili wa beseni. Tulisugua pamoja jioni ile na kesho yake, mama mkwe na mimi. Mzee wa mabomba alishauri tuiache ilivyo, lakini sikuona ni kwa faida ya nani. Karibu na ukingo wa nyuma nilikaza mkono kupita kiasi, buluu nayo ikatoka, na chini yake nikakuta kijani tena, cha zamani, chenye chengachenga. Kwa hiyo rangi ya kiwandani ilikuwapo. Tulimwonyesha mke wangu, akasema bon, tuendelee, huenda huko chini kabisa kuna sufuria yake.

Hatukuendelea. Mama mkwe alisema inatosha, aliweka waya kwenye beseni akaenda kulala mchana. Kofia ikabaki na mabaka kama ng'ombe, na ndivyo ilivyo hadi leo, mezani penye simu. Mwezi uliofuata tulimsindikiza uwanja wa ndege. Nilimwambia shikamoo, mama, nikimtazama usoni, naye akasema "marahaba," akanitamkia silabi kwa silabi, maana binti yake alikuwa amemfundisha njiani. Kisha akamgeukia mke wangu wakalia wao wawili kwa Kifaransa na Kiswahili, nami nikashika mikoba.

Jumapili moja baadaye mzee wa mabomba alinipigia simu. Alizungumza chini chini, ingawa anaishi peke yake. Alisema amechukua mojawapo ya zile kofia zake, ya Mbelgiji, ile aliyorudi nayo yeye mwenyewe kutoka jeshini, akasugua kidogo tu, kwa nyuma, mahali pasipoonekana. Nikamuuliza amekuta nini.

"Chuma tu," alisema.

Nikamwambia apapake mafuta kabla hapajaanza kutu. Akasema ameshapapaka.